Nukta Tisa

9 Februari

Mwanangu Karani,

Nakusalimu. Nakuandikia barua kwa sababu simu uliikata. Usiniambie ni mtandao. Mtandao ukikatika hauvuti pumzi kwanza, na mimi nilikusikia ukivuta pumzi, kisha kimya. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho, na mimi nitakusikiliza wewe, na hakuna wa kumkatia mwenzake.

Huku tuko salama kiasi. Baba yako mdogo amejifunza kupika wali bila kuuunguza, sasa anatembea kifua mbele kama amejenga daraja. Bati lililokuwa likivuja juu ya cherehani limebadilishwa. Miguu yangu inarudi pole pole. Ganzi iliyokuwa imefika kiunoni imeshuka magotini. Ndani natembea na fimbo, na nje natembea na baba yako mdogo, ambaye ni fimbo yenye maneno mengi.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilikwenda zahanati ya hapa kuanza sindano mlizoniandikia. Nesi akafungua karatasi za kutoka kwenu. Nikamuuliza, ugonjwa wangu unaitwaje? Akasoma: "G36 nukta tisa." Nikamwambia sikukuuliza namba ya gari. Akasema maana yake ni ganda la neva kuliwa kwa ghafla, aina isiyobainishwa.

Isiyobainishwa! Nimelala wodini kwenu mpaka godoro likanizoea. Nimetobolewa mgongo, nimeingizwa kwenye lile pipa linalogonga kama fundi bati, nimetolewa damu ikapelekwa maabara ya mbali. Halafu mtu anakaa mezani, ananiandika kwamba hajui nina nini. Na ofisi inayoandika hizo namba ni yenu. Nimekulea tangu dada alipofariki, nimekusomesha hiyo kazi kwa kushona sare za watoto wa watu, nawe hukuona hata aibu kuniandika tisa.

Nijibu. Nani aliniandika hivyo, na kwa nini?

Mama yako mdogo


21 Februari

Shikamoo Mama Mdogo,

Simu niliikata mimi, sikatai. Uliniita karani wa makaburi, na nilikuwa nimekuweka kwenye spika, ofisi nzima ikasikia. Tangu siku ile wananisalimia, "Habari za makaburini?"

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kimepakwa rangi upya, rangi ya ugonjwa, lakini mwenye nyumba anaipenda. Mpe baba mdogo hongera ya wali, umwambie sasa ahamie kwenye mboga.

Kuhusu namba. Sikukuandika mimi. Kwetu mtu haruhusiwi kushika faili la ndugu yake. Siku faili lako lilipofika mezani nilisimama, nikampelekea mwenzangu wa meza ya dirishani, yule mzee tunayemwita Mzee Nukta kwa sababu anaweza kugombana na daktari kutwa nzima kwa ajili ya nukta moja. Yeye ndiye aliyekuandika tisa, na alikuwa na haki.

Kazi yetu ni kuandika alichoandika daktari, si zaidi na si pungufu. Mgonjwa akiletwa hana kichwa, daktari akaandika homa, sisi tunaandika homa. Neva zako ni kama nyaya za umeme, zina ganda juu. Mwili wako wenyewe umelishambulia hilo ganda, ndiyo maana miguu ilizimika. Lakini maradhi yanayokula ganda hivyo yako zaidi ya moja, yanafanana kama ndugu, na kila moja lina nukta yake. Daktari wa neva aliandika ganda limeliwa kwa ghafla, akaishia hapo kwa sababu damu ilikuwa haijajibu. Akiishia hapo, na sisi tunaishia hapo. Tisa si dharau. Tisa maana yake bado hajasema.

Sindano unayochomwa ni ya kushikilia tu mpaka jibu la damu lije. Likija, daktari ataandika jina kamili, namba itabadilika, na stoo ya dawa ya huko kwenu itakutolea dawa inayolingana na namba hiyo. Wao hutoa dawa kwa kuangalia namba, hawaangalii sura ya mtu.

Kwa hiyo usinigombeze kwa kosa ambalo si langu. Nina makosa yangu ya kutosha, uchague kati ya hayo.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Jirani amenunua redio kubwa kuliko nyumba yake, na baba yako mdogo anajifanya inamkera huku akipiga mguu chini. Nimerudi kwenye cherehani. Shule imeleta kazi ya sare, nami nimeshona suruali za watoto mpaka nikaona nimekuwa mimi tena.

Barua yako nimeisoma, na ile habari ya nyaya nimeielewa. Sina ugomvi tena na Mzee Nukta. Mpe salamu, mwambie anayetetea nukta yake hivyo angefaa kuwa fundi.

Ila sindano hizi hazinipendi. Kila nikichomwa, kwikwi inarudi, ile ile iliyonitesa wodini, ya kunitapisha hata maji. Nesi anasema nivumilie, mwili unazoea. Mwili wangu mimi ndiye ninayekaa ndani yake, na hauzoei chochote.

Kwa hiyo nataka neno moja tu kwako. Damu imesema nini? Hiyo maabara ya mbali, hata kama wanaituma kwa miguu, sasa ingekuwa imefika. Uko palepale. Angalia, uniambie.

Mama yako mdogo


2 Aprili

Shikamoo Mama Mdogo,

Natumaini kwikwi imepungua. Mimi naendelea vizuri. Feni ya ofisini imekufa, wamekuja mafundi wawili, mmoja akashika ngazi na mwingine akashika kiuno, wakaondoka. Mzee Nukta amerudisha salamu zako kwa heshima kubwa, anasema hajawahi kusifiwa na mtu ambaye amemwandika tisa. Kuna binti mpya tumeletewa, anaandika haraka kuliko anavyofikiri, kutwa tunarekebisha kazi yake. Nimepunguza chumvi kama ulivyonishauri. Viatu ulivyonipa vimekatika soli, nimevipeleka kwa fundi, akasema viatu hivi vimeona mengi.

Kuhusu damu, Mama Mdogo, majibu mgonjwa hupewa na daktari wake, ana kwa ana. Mimi si daktari. Lakini naomba jambo moja: njoo kliniki ya hapa. Tarehe uliyoandikiwa ni ya Agosti, usiingoje. Njoo mwezi huu. Nitakupokea stendi, utalala kitandani, mimi nitalala chini.

Mzee Nukta amemwandikia daktari swali kuhusu faili lako. Sisi tukiona jambo halijakamilika tunaruhusiwa kuuliza, ila swali lenyewe lisiwe na jibu ndani yake. Huwezi kumwambia daktari, "Je, si ugonjwa fulani?" Ukiuliza hivyo umemwekea maneno mdomoni, namba itakayoandikwa itakuwa yako, si yake. Unaandika tu, "Kuna majibu mapya kwenye faili, tafadhali bainisha aina," unanyamaza. Yeye akajibu, "Kama awali." Mzee Nukta ameandika tena.

Njoo, Mama Mdogo.

Mwanao


20 Aprili

Kwako Karani,

Salamu. Tuko hai. Jirani redio imeharibika na sasa anaimba mwenyewe, tumetoka kwenye moshi tumeingia kwenye moto.

Barua yako imejaa kurasa na haina kitu. Feni, ngazi, kiuno cha fundi, soli ya kiatu. Nimekulea, nakujua. Ulipovunja chungu ukiwa mdogo ulikuwa unaniletea habari za kuku kwanza. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wala hujui kupaka.

Umeandika "kuna majibu mapya kwenye faili." Kwa hiyo damu imejibu. Na wewe umeona imejibu nini, maana kama hujaona usingekuwa na haraka ya kunipandisha basi. Basi sema. Nije kufanya nini huko? Ni safari ya kutwa nzima, nikishuka magoti yanatetemeka hata nikiwa mzima. Nifike, niambiwe daktari yuko semina? Nimeshafanyiwa hivyo, sifanyiwi mara mbili. Nipe sababu, nitakuja hata kwa kutambaa. Bila sababu sitoki mlangoni.

Huku watu wote wameamua kunichezea. Muuza vitambaa ameniuzia kitambaa chekundu cha kola za sare, nimefika nyumbani nakuta kimepauka, kama kimefuliwa na kuanikwa juani mwezi mzima. Nimemrudishia nikamwambia maneno aliyostahili. Anaapa ni kile kile cha siku zote, anaita na wateja wengine washuhudie. Nao wakamuunga mkono. Wezi watupu.

Sindano naendelea nayo kwa sababu nimeambiwa niendelee. Mimi naambiwa cha kufanya na kila mtu, sababu ndiyo siambiwi.

Mama yako mdogo


11 Mei

Shikamoo Mama Mdogo,

Mzima mimi, na natumaini nanyi pia. Habari za familia leo sina, nina hasira tupu, na sehemu yake ni juu yako.

Daktari amejibu swali la pili la Mzee Nukta: "Kama awali." Hajafungua faili. Anajibu maswali yetu kama mtu anayefukuza nzi. Basi jana nikapiga moyo konde, nikapanda kwake mwenyewe. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi mpaka ngazini. Nikasimama mlangoni mpaka mmoja alipotoka, nikaingia, nikasema nimekuja kuhusu mgonjwa fulani, mama yangu mdogo.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Umekuja kama ndugu au umekuja kama karani?"

Akageuza karatasi, akaendelea.

"Kama umekuja kama karani, faili la ndugu yako halikuhusu, na wewe unajua. Kama umekuja kama ndugu, nenda ukaniletee mgonjwa. Siwezi kumtibu mtu kwa kumwangalia mpwa wake."

Nikatoka. Nilikwenda chooni nikaupiga mlango teke, mguu unaniuma mpaka leo. Na kibaya zaidi ni kwamba alichosema ni kweli tupu. Ndani ya jengo lile lote, mtu mmoja tu anaruhusiwa kukaa mbele yake, kumuuliza lolote na kudai asomewe kila karatasi, na mtu huyo ni wewe, na wewe umekaa nyumbani umenuna unagombana na muuza vitambaa.

Sababu unayoitaka siwezi kuiandika. Nimeweka saini siku nilipoajiriwa kwamba ninachokiona kwenye faili la mtu hakitoki kinywani mwangu wala kwenye kalamu yangu. Kuna mwenzetu alimwambia jirani yake jibu la kipimo, kwa nia njema kabisa, akafukuzwa kabla ya saa ya chakula. Usinilazimishe. Nakuambia njoo, na neno njoo kutoka kwangu linakutosha. Lini nimekuita bure?

Mwanao


30 Mei

Karani,

Salamu. Wote wazima.

Umesema lini umeniita bure. Mimi nakuuliza, lini nimekuficha jambo la mwili wako? Ulipougua homa ya uti wa mgongo ukiwa mtoto, daktari aliniambia nje ya mlango nisikuambie, utaogopa. Niliingia nikakwambia. Nilikwambia kwa sababu mwili ulikuwa wako.

Wewe una saini yako. Sawa, kaa na saini yako. Mimi sipandi basi kwa sababu isiyoandikika.

Kalamu hii mbovu, inaruka mistari. Usinitafutie makosa ya mwandiko.

Usiniandikie tena mpaka uwe na neno la kuniambia. Na simu sitapokea.

Mama yako mdogo


6 Julai

Shikamoo Mama Mdogo,

Sitauliza habari za huko, maana ninazo. Baba mdogo amenipigia simu jana akiwa nje ya nyumba, anaongea kwa kunong'ona. Amesema huoni jicho la kushoto. Amesema unamwaga chai nje ya kikombe, na kazi ya sare umeirudisha shuleni ukawaambia cherehani imeharibika. Amesema alikukuta umefumba jicho la kulia kwa kiganja, umeinua kitambaa chekundu dirishani, unakigeuzageuza, unalia. Kumbe muuza vitambaa hakukuibia. Rangi nyekundu ndiyo huondoka mwanzo jicho likianza kuzimika, na wewe mwezi wa nne ulikuwa unaniandikia habari hiyo kama ugomvi wa dukani.

Nilishuka wodini nikamuuliza nesi mkuu, bila kutaja mtu, ikiwa mgonjwa wa nukta sifuri anachomwa sindano ya nukta tisa, inakuwaje. Akaweka chini alichoshika. Akasema, "Unamwagia moto petroli. Nani huyo?" Nilikimbia.

Mama Mdogo, nilidhani sindano ile haikusaidii, basi. Sikujua kwamba inakuumiza. Ningejua, lakini acha, sitaki kuandika ningejua.

Neno ulilolitaka hili hapa. Ni G36 nukta sifuri. Ni ule ugonjwa unaokula ganda kwenye uti wa mgongo na kwenye mishipa ya macho. Damu yako ilijibu mwezi wa tatu. Majibu yanayochelewa hupita mezani kwangu niyapange kwenye mafaili, na hilo lilipita mikononi mwangu. Nililisoma, nikalipeleka kwa Mzee Nukta, akaliweka ndani, naye akamuuliza daktari kama sheria inavyosema, na daktari akajibu kama unavyojua. Lipo pale mpaka leo. Wote tulifanya kazi yetu, na karatasi imelala.

Baba mdogo nimemwambia kwa simu asikuache uguse tena sindano ile, na nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe usije ukasema nilimtuma mtu. Barua hii mkubwa wangu akiiona, kazi sina. Mzee Nukta nimemwambia nimeshakuandikia. Ameniangalia sana, kisha akaendelea na kazi yake. Sijui ataripoti au hataripoti.

Njoo mara tu upatapo barua hii. Usiende kwa karani, usinitafute mimi kwanza. Nenda kwa daktari, ukae, umwambie akusomee kila karatasi iliyomo kwenye faili, kwa sauti, usikubali aruke hata moja. Mimi siruhusiwi kumuuliza swali lenye jibu ndani yake. Wewe unaruhusiwa.

Na mimi nina hasira na wewe. Ulikuwa unapoteza jicho ukaniandikia kalamu mbovu.

Mwanao


28 Agosti

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na maswali unayomtumia baba yako mdogo kila jioni yamefika pia. Anayasoma kwa sauti akidhani sijui yanatoka kwa nani. Tumeamka salama. Jirani ametengeneza redio. Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na mwanga wote wa dirisha uko mezani, kwa hiyo nisome nilivyoandika.

Tulikuja. Baba yako mdogo alinishika mkono tangu stendi mpaka kwenye benchi la daktari. Daktari alinipokea vizuri, akaniuliza miguu inaendeleaje. Nikamwambia miguu iache. "Nataka unisomee kila karatasi iliyomo kwenye hilo faili."

"Mama, faili lenyewe nene."

"Nimesafiri kutwa nzima. Soma."

Akaanza kusoma akiharakisha. Picha ya pipa, akasoma. Maji ya mgongo, akasoma. Alipofika kwenye kile kikaratasi cha damu akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. Baba yako mdogo, ambaye unajua hajawahi kumwinulia mtu sauti, akamwambia, "Na hiyo pia, daktari. Tusikie."

Akaisoma. Kisha akasema, "Hii mbona sikuletewa?"

Nikamwambia, "Uliulizwa mara mbili. Ukajibu kama awali."

Akavua miwani. Alikuwa amechoka, nilimwona, na ni kijana kuliko nilivyomkumbuka. "Mama, kwa siku naletewa maswali ya makarani rundo zima. Siwezi kufungua kila faili."

"Wewe unaletewa rundo," nikamwambia. "Mimi macho nililetewa mawili tu. Andika."

Akaandika. Sikumwambia nimejuaje kuhusu hayo maswali, na yeye hakuuliza, ila aliangalia upande wa ofisi yenu. Kabla hatujaondoka namba ilikuwa imebadilika. Nimeshawekewa dripu ya kwanza ya dawa mpya na kwikwi imeisha. Jicho la kulia amesema litabaki nikifuata dawa. La kushoto halirudi. Alilimulika kwa kitochi chake kutoka kila upande, nami nikawa namsikia tu anavyopumua.

Tulipotoka tulipita mlangoni kwenu. Mlikuwa na feni mpya. Nilikuona umeinamia meza, umeshika kalamu mdomoni kama zamani, na yule mzee wa dirishani alikuwa anakwambia jambo. Baba yako mdogo akanivuta mkono tuingie. Nikamwambia twende zetu. Alikasirika, hajakasirika na mimi hivyo tangu tuoane, lakini tulikwenda.

Sikuingia kwa sababu ningepiga kelele, na pale ndipo unapokula. Basi nakupigia kelele hapa. Wewe ulijua mwezi wa tatu. Ulilishika jibu la mwili wangu kwa vidole vyako ukaniandikia habari za feni. Unasema sheria ilikuzuia. Sheria hiyo uliivunja mwezi wa saba, na hukufa, na dari halikukuangukia. Kama ilivunjika Julai, hata Machi ilikuwa inavunjika. Machi nilikuwa naona nyekundu.

Nimejaribu kuwaza kama mtu mzima. Nasema, mtoto alifuata kazi yake, Mzee Nukta alifuata yake, nesi wa hapa alinichoma kwa kufuata namba. Kila mmoja wenu nikimtafutia kosa silipati, mnalo wote na hamnalo. Ndiyo maana hasira hii inanitafuna. Mwizi ningempeleka polisi.

Na langu nalijua, usinikumbushe. Nililiziba jicho moja kila asubuhi kuanzia mwezi wa nne, nikajua kinachotokea, nikanyamaza. Nilitaka wewe ndiye useme kwanza. Mimi na wewe tulikaa tunangojana, na jicho halikungoja mtu. Hilo ni langu nitalibeba mwenyewe, lakini lako sikubebei.

Baba yako mdogo anasema umeandikiwa onyo, hukufukuzwa. Nimefurahi, na nimechukia kwamba nimefurahi.

Umeomba uje wiki ya likizo yako. Njoo. Usije na zawadi, na usiniombe msamaha mlangoni, kwa sababu leo sinao na sitaki kukudanganya. Wala usinielezee tena kazi yenu. Chumba chako kiko vilevile. Cherehani ipo, utanitungia uzi, maana tundu la sindano silipati tena. Tutagombana, tutakula, tutalala.

Ukija, kaa upande wangu wa kulia. Kushoto sikuoni.

Mama yako mdogo